Zamu ya Nakijwa

Mambo haya yalitukia mwaka 2094, katika msimu wa vuli, na vuli ya mwaka huo ilipita mikono mitupu. Mawingu yalipanda kutoka tambarare, yakakaa juu ya milima ya Upare kama wageni wasiotaka kuvua viatu, kisha yakaenda zao. Katika kijiji cha Mbarwe, ambacho hakikuwamo katika ramani yoyote ya Serikali kwa sababu wakazi wake walitaka kisiwemo, maharage yalitoa maua yasiyofunga. Kilichobaki hai kilikuwa hai kwa maji ya ndiva.

Namcharo ndiye aliyekuwa mlinda ndiva. Bwawa lile la udongo lilichimbwa na wahenga, likaachwa likamezwa na magugu enzi za mabomba, kisha likafukuliwa upya na watu wa Mbarwe kwa majembe na makarai. Usiku lilikusanya maji ya chemchemi. Alfajiri Namcharo aling'oa kizibo cha mgomba kilichokandikwa udongo wa mfinyanzi, na maji yakashika mfereji wa nyumba ambayo zamu yake ilikuwa imefika. Kanuni ilikuwa moja: nyumba iliyoleta mikono katika msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzoa matope, ilipata zamu ya maji, isiyoleta haikupata. Karani hakuwapo, wala askari, wala faini.

Asubuhi hiyo, akiwa amepiga magoti katika tope, Namcharo aliusikia mtetemo kwa magoti kabla hajausikia kwa masikio. Maji ya ndiva yalijikunja viduara vidogo vidogo, ingawa upepo ulikuwa umelala.

"Ameshavuka korongo," alisema Kirumbe, jirani yake, mzee mwembamba ambaye hakuna msiba aliowahi kuhudhuria bila kuchekesha watu. "Jana amekula msitu wote wa mikaratusi. Hana adabu, hata mikono hakunawa."

Walimwita Fuko. Ilikuwa mashine ya Serikali yenye urefu wa nyumba kumi zilizopangwa mstari, iliyokula udongo na mawe kwa mbele na kuacha nyuma yake njia ngumu, laini kama sakafu, ya kulazia bomba kuu. Haikuwa na dereva. Haikuwa na macho pia, na hilo ndilo lililokuwa jambo lenyewe. Zamani mashine za namna ile zilipewa macho, na macho yaliziponza: yalisimama mbele ya sanamu la kutishia ndege, yakampita juu mkulima aliyelala kivulini. Wahandisi wakayang'oa macho, wakaacha masikio. Kila raia alikuwa na punje ya Matunzo chini ya mtulinga, iliyotiwa siku ya kuzaliwa. Punje ilisoma damu, ikatengeneza dawa kabla ugonjwa haujajitambua, na mchana na usiku ikatoa mlio usiosikiwa na sikio la binadamu. Mlango, gari, dirisha la chakula, hata Fuko, vyote viliusikiliza mlio huo. Penye mlio pana mtu. Pasipo na mlio pana kichaka.

Na watu wa Mbarwe, wakubwa kwa watoto waliozaliwa huko, hawakuwa na mlio. Sheria ya Kujitoa iliruhusu mtu mzima kutolewa punje kwa hiari yake, na wao waliitumia sheria hiyo miaka kumi iliyopita, wakapanda mlimani na kiapo kimoja: kwamba hawatapokea kwa Serikali chochote, wala hawataidai chochote, wala haitawadai.

*

Mwalimu Elinaja alirejea kutoka mjini adhuhuri ile, viatu vyake vimegeuka rangi ya vumbi. Alikuwa amefundisha sheria kabla ya kujitoa, na kiapo cha Mbarwe kilitungwa kwa ulimi wake. Watu walikusanyika juu ya ukingo wa ndiva, mahali walipozoea kuketi baada ya msaragambo, naye akasema akiwa amesimama.

"Nilisimama mbele ya mlango wa ofisi ya ardhi siku mbili. Mlango haukufunguka. Mlinzi wake, kijana mwenye heshima zake, aliniletea kigoda. Akaniambia, 'Baba, mimi ninakuona vizuri. Lakini mimi siye ninayefungua.'"

"Tuliomba tusionekane, Mwalimu," Kirumbe alisema. "Dua imekubaliwa."

Hakuna aliyecheka, naye hakuwa ametarajia wacheke.

"Ramani ya Fuko inapita hapa tulipokaa," Elinaja aliendelea. "Juu ya ndiva. Kwa mwendo wake, keshokutwa atakuwa hapa. Ndiva ikienda, tumekwenda nayo. Lakini kijana yule aliniambia jambo lingine. Fuko akisikia mlio mbele yake husimama. Na mwenye mlio akikaa mahali pale mchana mmoja na usiku wake, Fuko hupahesabu kuwa makazi, akachora njia nyingine. Basi. Haulizi jina wala sababu."

"Tumkodi mtu wa tambarare akae," mwanamke mmoja alisema.

"Niliwauliza wengi. Anayezuia kazi ya Serikali hupunguziwa chakula mwaka mzima. Hakuna aliyekubali, na siwalaumu. Ninamkumbuka mtu mmoja tu mwenye punje ambaye amezaliwa hapa, na ambaye hata akipunguziwa chakula atakuwa mgeni wetu."

Hakulitaja jina, nao hawakumsaidia kulitaja. Namcharo aliyatazama matope yaliyokauka katika viganja vyake, akaona kwamba watu wote walikuwa wakivitazama viganja hivyo hivyo.

"Ni mtoto, Mwalimu," alisema hatimaye.

"Ni mtoto. Fuko husimama mbele ya mtoto kama anavyosimama mbele ya mtu mzima."

"Husimama umbali gani?"

Elinaja alikuwa mtu mkweli. Hilo halikupata kukanushwa hata na waliomchukia. "Hatua chache. Mtelemko ukiwa na kokoto, huenda zikapungua."

"Na mama yake tumwambie nini?"

"Wewe ulikuwa jirani yake. Utajua la kumwambia."

*

Alilolijua Namcharo lilikuwa hili, na njia nzima ya kutelemka mlimani lilitembea naye bega kwa bega.

Mwaka wa kwanza wa Mbarwe ulikuwa mwaka wa makaburi. Miili iliyolelewa na punje tangu utotoni haikujua kupigana na homa. Ilikuwa kama askari aliyepewa cheo bila kufundishwa vita. Namcharo alilala masika nzima, hana nguvu za kufukuza nzi usoni. Asiyeleta mikono hakupata maji. Lakini kila siku ya msaragambo Nakijwa, jirani yake, aliingia katika tope la ndiva, akazoa fungu lake, kisha akarudi akazoa fungu la Namcharo, na tumbo lake likiwa na mimba ya miezi saba. Namcharo alipopona alisema, "Nitakulipa." Nakijwa akasema, "Deni la mikono hulipwa kwa mikono, dada. Siku nikilala utanisimamia." Lakini Nakijwa hakuwahi kulala. Alikuwa na afya ya punda.

Masika iliyopita aliyelala alikuwa binti yake, Nambike, ambaye hakupata kuwa na punje. Homa ilimpanda kichwani. Nakijwa alimbeba mgongoni mpaka zahanati ya tambarare, ambako waganga walikuwa na dawa moja tu ya kila ugonjwa. Alirudi na mtoto mzima, na chini ya mtulinga wa mtoto palikuwa na kovu dogo jekundu.

Kiapo kilikuwa wazi: nyumba yenye punje ni nyumba ya Serikali. Baraza lilikaa mpaka jua likachwa. Elinaja alilia alipokuwa akisoma uamuzi wa kuinyima nyumba hiyo maji, na machozi yale yalikuwa ya kweli. "Tukimhurumia mmoja," alisema, "kesho tutachagua wa kuhurumia, na keshokutwa mwenye kuchagua atakuwa mtawala. Tulikimbia mtawala." Namcharo alikata mgomba, akakanda udongo, akauziba mfereji wa Nakijwa kwa mikono yake, kwa kuwa kuziba ndiyo kazi ya mlinda ndiva.

Kilichofuata ndicho asichoweza kukimeza wala kukitema. Siku ya msaragambo Nakijwa alikuja. Aliingia katika tope, akazoa fungu lake, akanawa miguu, akaenda katika shamba lake kavu. Akaja mara ya pili, na ya tatu. Hakuna aliyemwambia arudi nyumbani, na hakuna aliyemfungulia maji. Waliipokea mikono yake, wakanyamaza. Mara ya nne hakuja. Alikuwa ametelemka na mtoto.

*

Makao ya Matunzo yalikuwa majengo meupe yaliyofanana kama meno. Milango ilikuwa ikifunguka yenyewe mbele ya kila mtu, na kujifunga mbele ya Namcharo; ilimbidi aingie akiwa amembana mgongoni mama mmoja mnene, kama kivuli chake.

Aliwakuta katika chumba cha mwisho wa ukumbi. Nambike alikuwa kitandani, amenenepa mashavu, akichezea vizibo vya chupa. Nakijwa alikuwa sakafuni. Namcharo hakumtambua mpaka alipogeuka. Mifupa ya uso ilikuwa imejitokeza, na shingo imekuwa nyembamba kama shina la muhogo uliokosa maji.

"Dada Namcharo," Nakijwa alisema bila mshangao. "Karibu. Kiti hakuna. Kiti ni cha mwenye punje. Mwingine akikikalia kinajikunja."

Namcharo aliketi chini karibu naye. "Nilidhani na wewe..."

"Umedhani nimetiwa? Wananiuliza kila wiki. Ninakataa."

"Unakula nini?"

"Anachobakisha huyu. Dirisha la chakula hutoa sahani moja, na yeye huniachia nusu akidhani sioni. Nami hujifanya nimeshiba." Alicheka kidogo. "Tunadanganyana vizuri sana."

"Nakijwa, mama yangu, kwa nini? Sisi tulikufukuza. Kiapo hakikudai tena."

"Kiapo sikumwapia Elinaja. Niliapa mwenyewe, kwa ajili ya nafsi yangu, na ni changu bado. Binti yangu hakuapa. Ilikuwa haki yake kupona. Mbona hamkuliona hilo, na lilikuwa jepesi?" Alisema bila ukali, kama mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho hana nia ya kununua. "Sema ulilotumwa. Hukuja kunisalimu, mtu anayekuja kusalimu huleta angalau gimbi."

Namcharo alisema yote: Fuko, ndiva, mlio, mchana mmoja na usiku wake. Hakupunguza chochote, hata zile hatua chache na kokoto. Alipomaliza, Nakijwa alichezesha uzi uliochomoka katika kanga yake.

"Kwa hiyo," alisema, "alipokuwa shambani kwangu alikuwa uchafu. Sasa mnataka awe ukuta wenu."

"Ndivyo."

"Afadhali umekubali. Elinaja angeniletea maneno marefu." Aligeuza kichwa. "Nambike. Shangazi yako amekuja kukuomba jambo. Msikilize, kisha ujibu mwenyewe."

"Nakijwa, usifanye hivyo."

"Si mnaamini hiari? Muulize."

Mtoto alikuwa amekwisha kusikia. Alivipanga vizibo vyake kwenye mstari, akasema, "Nitakwenda. Nitakaa pale hata bila kulia." Halafu akafikiri kidogo. "Shangazi, maji ya kwetu yamefunguliwa?"

Namcharo alivitazama vizibo vile.

"Umesikia," Nakijwa alisema. "Amekubali. Mtoto huyu hukubali kila kitu. Alikubali hata punje, kwa kuwa mama yake alikuwa analia. Mkono wake huo hapo. Mshike uende naye. Mimi sina nguvu za kukuzuia, nawe unajua."

Mkono wa mtoto ulikuwa juu ya shuka, mnene, umefunguka. Ilikuwa rahisi. Watu mia mbili na zaidi, mashamba, makaburi ya mwaka wa kwanza, ndiva. Na kwa upande mwingine mchana mmoja na usiku mmoja, na mashine ambayo kwa kawaida husimama. Mtu yeyote mwenye akili angeweza kulipima jambo hilo, na Namcharo alijua mizani ingelalia wapi. Alijua pia kwamba Matunzo yalianza hivyo hivyo, kwa mtu mwenye akili aliyepima watu wengine kwa mizani yake.

Aliinuka. Aliugusa mkono wa mtoto kwa ncha ya kidole, akaurudisha chini ya shuka.

"Zahanati iko upande gani?" aliuliza.

Nakijwa alimtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu alipoingia. "Nyuma ya jengo la tatu," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Dada. Ya pili haitoki."

"Ninajua."

*

Muuguzi alikuwa mwanamume mtaratibu aliyetumia muda mwingi kuomba radhi. Alimweleza kwa sababu sheria ilimtaka amweleze. Punje ya utotoni hukaa chini ya ngozi kama mbegu katika mfuko, na kuitoa ni kazi ya dakika chache. Punje ya anayerejea ni ya aina nyingine. Huota nyuzi nyembamba kuliko unywele, nazo huuzunguka mshipa mkuu wa shingo, kwa kuwa Serikali haitaki kumpoteza mtu mmoja mara mbili. Atakayejaribu kuing'oa atautoa mshipa pamoja nayo.

"Watu wengi hurudi kwa sababu ya njaa, mama," muuguzi alisema. "Au ugonjwa. Je, wewe ni njaa au ugonjwa? Inanilazimu kuandika."

"Andika deni."

"Deni halimo katika majibu yanayokubaliwa."

"Basi andika njaa. Itakuwa karibu na kweli."

Haikuuma, na hilo ndilo lililomtisha. Miaka kumi ya maumivu ya magoti, ya jino, ya kifua kila kipupwe, ilianza kuondoka mwilini mmoja mmoja kama wageni wanaoaga baada ya sherehe. Aliposimama, mlango ulifunguka kabla hajaufikia. "Karibu nyumbani, Namcharo," ulisema kwa sauti nzuri ya kike. Alitamani ungesita, angalau kidogo.

*

Alimkuta Fuko asubuhi, chini ya ukingo wa ndiva. Njia aliyoiacha nyuma ilimetameta jua lilipoipiga. Watu wa Mbarwe walikuwa wamesimama mbali juu ya mtelemko, na wengine walikuwa wamekwisha kufunga mizigo.

Namcharo alitelemka mpaka mbele ya kinywa chake, akageuka, akasimama. Meno yalikuwa yakizunguka polepole, kila jino refu kuliko mpini wa jembe. Fuko alisogea. Kokoto zilikimbia chini ya miguu ya Namcharo, naye akateleza kwa goti moja. Wakati akiwa pale chini, joto la chuma likimpiga usoni, alimwona mtoto akiwa pale badala yake, na vizibo vyake vya chupa, akijitahidi kutolia.

Meno yakasimama. Umbali uliobaki ulikuwa kama wa mtu anayempokea mwenzake kibuyu.

Hapo ndipo Mbarwe walipojua. Hapakuwa na shangwe. Mtu mmoja alisema kwa nguvu, "Amejitia punje," na maneno yale yakapanda mtelemko kutoka kinywa hadi kinywa kama habari ya msiba.

Alikaa pale mchana kutwa. Kirumbe peke yake ndiye aliyemsogelea, na bakuli la makande. Aliliweka juu ya jiwe, akarudi nyuma.

"Sijui kama unaruhusiwa kula chetu," alisema. "Sijui kama na mimi ninaruhusiwa kukupa. Kwa hiyo nimeliangusha tu hapa. Mzee akitembea huangusha vitu."

"Ahsante, baba."

"Makande yamepungua chumvi. Usinisingizie mimi, nimepika mwenyewe."

Usiku ulipita. Kulipopambazuka, Fuko alitoa mngurumo, akarudi nyuma kidogo, akageuza kinywa. Njia yake mpya iliikwepa ndiva, ikakata upande wa chini. Watu walianza kupumua. Kisha mmoja wao akaona inakoelekea, akapiga kelele, wakakimbia, lakini hapakuwa na la kufanya. Fuko alipita katikati ya makaburi ya mwaka wa kwanza, akayala yote pamoja na miti ya masale iliyopandwa juu yake. Wafu nao hawakuwa na mlio.

Elinaja alisimama akitazama mpaka kaburi la mkewe lilipogeuka kuwa njia. Ndipo alipopanda mpaka kwa Namcharo ukingoni mwa ndiva. Uso wake ulikuwa umezeeka kwa asubuhi moja.

"Umetuokoa," alisema. "Nitalisema hilo mbele ya watu wote, na litakumbukwa. Lakini unajua lile lingine ninalopaswa kulisema."

"Lisemee hapa hapa, Mwalimu. Umeshazoea."

Elinaja alikipokea kipigo kile bila kukwepa. "Nyumba yenye punje ni nyumba ya Serikali. Kama nilimfukuza mama na mtoto wake kwa neno hilo, siwezi kukuacha wewe kwa sababu umetufaa. Huo ndio ungekuwa upendeleo. Jua likizama uwe umetelemka."

"Nitatelemka," Namcharo alisema. "Sikuja kukaa. Lakini ndiva hii ina deni, na mlinda ndiva ni mimi mpaka jua litakapozama."

Alichukua jembe lake, akashika ukingo mpaka kwenye mfereji ulioota nyasi. Kizibo alichokikandika masika iliyopita kilikuwa kimekauka kama mfupa, na alama za vidole vyake zilikuwa bado zinaonekana. Alianza kukibomoa.

"Namcharo," Elinaja alisema nyuma yake. "Leo ni zamu ya nyumba ya Mngale. Maharage yake hayatamaliza siku mbili."

"Nakijwa alizoa matope mara tatu baada ya sisi kumfungia. Nani hakumwona? Mngale alimwona, walishika karai moja. Tumekunywa mikono yake bila kumpa maji. Tuliapa tusidaiwe na Serikali. Hatukuapa kudhulumiana."

"Shamba lile halina kitu. Utamwagilia vumbi."

"Ninalipa zamu. Haikuandikwa popote kwamba zamu hulipwa kwa aliyepanda tu."

Mngale, mtu mnene mwenye watoto wengi, alitoka katika kundi, akamjia na jembe mkononi. Alikuwa hatua mbili kutoka kwake aliposimama ghafla. Namcharo aliona macho yake yakishuka kwenye kovu la mtulinga, akaelewa. Kila mtu alijua kinachomfika anayemwekea mkono mwenye punje: mlio hubadilika, na vipanga vya chuma, ndege za ulinzi za Serikali, huja kutoka tambarare kabla jasho halijakauka. Mngale alirudi nyuma. Wote walirudi nyuma, hata waliokuwa wamenuia kumtetea.

Angependa wamwache kwa sababu alikuwa na haki. Walimwacha kwa sababu alikuwa na Serikali. Alilijua hilo, na aliendelea kubomoa, kwa kuwa deni halingojei mlipaji awe safi.

Kizibo kilivunjika. Maji yalisita mdomoni mwa mfereji, yakaingia, yakabeba nyasi na majani makavu, yakaenda. Namcharo aliandamana nayo akiwa na jembe, akizibua palipoziba, mpaka yakafika katika shamba la Nakijwa. Ardhi ilikuwa imepasuka. Mwanzoni iliyameza maji bila kuonyesha shukrani, kama mgonjwa asiyejua amenyweshwa. Baadaye mipasuko ikaanza kufunga, na harufu ya udongo uliolowa ikapanda mpaka ukingoni walikosimama watu, na hakuna aliyeondoka.

Maji yalipopungua alisubiri, akaiachia chemchemi muda wa kuijaza ndiva, akafungua tena. Zamu ya kwanza. Zamu ya pili. Ya tatu ilimkuta jua likigusa kilele, akiwa amezama katika tope mpaka magotini, na magoti hayakuuma.

Kisha alifanya kama inavyofanywa zamu inapokwisha. Alikata kipande cha mgomba, akakanda udongo, akauziba mfereji, akausawazisha kwa kiganja mpaka tone la mwisho likakoma. Alilikabidhi jembe kwa Kirumbe. Akanawa miguu ukingoni, kama alivyokuwa akinawa Nakijwa, akaanza kutelemka kwa njia laini aliyoiacha Fuko, ambako kila kitu kilikuwa kikimsikia akipita.